Washa ya Shaba Iliyobaki Kwenye Kitambaa: Maisha ya Fundi Lamei Kelada Bekhit, 1951–2019

Wiki tatu kabla ya kufariki, Fundi Lamei Kelada Bekhit aliwaita watoto wake watatu kando ya kitanda akawaeleza namna anavyotaka maisha yake yasomwe siku ya kuzikwa. Tarehe zisikosewe. Sifa zisizidi. Na lile jambo la mwaka 1966 lisemwe lote, kwa majina, mbele ya watu wa nyumba ya Hureidi na nyumba ya Ghallab. Mwanawe wa kwanza, Atef, alipinga. "Baba, mtu hasomewi kosa lake mbele ya jeneza." "Basi msisome chochote," Fundi alisema. "Mnizike kimya." Yafuatayo, kwa hiyo, yanasomwa kama alivyoagiza.

Alizaliwa Jumamosi tarehe 3 Machi 1951 hapa Nag Bishara, wilaya ya Tahta, mkoa wa Sohag, Misri. Alikuwa mtoto wa tatu, na wa kwanza kupona, wa Kelada Bekhit, mkulima wa vitunguu kwenye ardhi ya kukodi, na mkewe Bi. Galila Mikhail. Kwa kuwa wawili waliomtangulia walikufa wachanga, mama yake alimvalisha magauni mpaka alipotimiza miaka minne ili jicho baya limpite. Jicho lilimpita. Wenzake wa rika hawakumwacha. Mpaka amekuwa babu, walikuwapo wazee kijijini waliomwita "bibi harusi" wakitaka kumchokoza.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia 1957 hadi 1963, kisha miaka miwili shule ya kati ya Tahta, kilomita saba kwenda na saba kurudi kwa miguu. Alikuwa na mwandiko mzuri na hesabu zilimkaa kichwani. Mwaka 1965 kichocho kilimharibu baba yake ini, akawa hawezi kushika jembe, na masomo ya Lamei yakaishia hapo. Isisemwe kwamba aliacha shule. Shule ilimwacha yeye.

Jumamosi tarehe 6 Novemba 1965, akiwa na miaka kumi na minne na miezi minane, mama yake alimpeleka kwa Fundi Dardir Khalafallah, aliyekuwa na karakana karibu na daraja la mfereji na aliyetunza mashine zote za kuvuta maji kutoka hapa hadi barabara ya reli. Fundi Dardir alitazama mikono yake, ndani na nje.

"Unajua nini?"

"Sijui kitu, Fundi."

"Vizuri. Wanaojua ndio hunivunjia spana."

Miezi mitatu ya kwanza hakuruhusiwa kufungua hata nati moja. Kazi yake ilikuwa kuosha vipande kwa mafuta ya taa na kutaja jina la kila kimoja anapokishika: ringi, valvu, nozeli, gasketi. Akikosea jina, alirudia sinia lote. Baadaye alifundishwa kutega sikio kwenye mpini wa bisibisi, ncha ikiwa imegusa injini, mpaka akaweza kusikia beringi inayoanza kuchoka kabla haijapiga kelele. Alifundishwa kushika hendeli ya kutilia moto huku kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, kamwe kisizunguke kuifunga, maana injini ya silinda moja ikirudi nyuma huvunja gumba kama kijiti. Alirudi nyumbani akinuka dizeli hata mama yake akawa anamlisha nje ya mlango. Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1966, shemasi aliyebeba chetezo alipita karibu naye akamnong'oneza, "Lamei, leo ubani umeshindwa."

Lakini somo kuu la Fundi Dardir lilikuwa kitambaa. Kabla ya kufungua injini yoyote alivua kilemba chake cheupe, akakitandaza chini, na kila kipande kilichotoka kilipangwa juu yake kwa mfuatano, kuanzia kushoto kwenda kulia. Kufunga kulianzia kulia kurudi kushoto. Kazi ilikuwa haijaisha mpaka kitambaa kiwe kitupu, na hakuna aliyeruhusiwa kukiruka, hata mwenye mashine. Mwezi Mei 1966 Lamei alibakiza boliti ndogo. Mwezi Juni akabakiza springi. Safari hiyo Fundi Dardir aliapa mbele ya wateja, kwa kiapo kile ambacho wanaume wa huku wanakijua na wake zao wanakichukia: mkewe awe ameachika ikiwa Lamei atabakiza kipande kwa mara ya tatu na bado akaonekana kwenye karakana ile.

Mke wa Fundi, Mama Saber, alisikia kutoka dirishani. "Baba Saber! Ndoa yangu ya miaka ishirini unaifunga kwenye springi?"

"Nyamaza, mwanamke. Sasa atakuwa makini."

Hakuwa makini. Alikuwa na hofu, na hofu si umakini.

Mashine ya kuvuta maji ya darajani ilimilikiwa kwa pamoja na nyumba ya Hureidi na nyumba ya Ghallab. Kila mmoja hapa anajua kwamba mwaka 1962 nyumba hizo ziliuliana mtu mmoja mmoja kwa sababu ya mpaka wa shamba, na kwamba suluhu ilipofanyika waliendelea kusalimiana kwa midomo tu. Maji yalifika kwenye mfereji siku nne katika kila kumi na mbili. Hureidi walikuwa na saa za alfajiri hadi adhuhuri, Ghallab adhuhuri hadi jua kuzama. Desturi ilikuwa kali: saa zako ni zako, mashine izunguke isizunguke. Ikikufia mikononi, jua halikusubiri, na jirani yako vilevile.

Jumatatu tarehe 15 Agosti 1966, maji yalipokuwa yamebakiza siku moja, Fundi Dardir alikwenda Tahta kutafuta ringi. Alimwachia Lamei, kwa mara ya kwanza akiwa peke yake, kazi ya kusafisha filta ya dizeli ya mashine ile. Lamei alitandaza kitambaa. Alifungua, akaosha, akafunga. Alipiga hendeli, mashine ikaitika vizuri. Kisha akatazama chini. Kwenye pembe ya kitambaa kulikuwa na washa moja ya shaba, kipete chembamba kinachokaa chini ya boliti ya bomba la filta ili hewa isipenye.

Ilikuwa ya tatu.

Ingemchukua robo saa kuirudisha. Lakini vijana wa Ghallab walikuwa tayari wamesimama pale wakingoja maji, na yeyote kati yao angeweza kumweleza Fundi. Mashine ilikuwa inazunguka. Alikunja kitambaa na kutia washa kwenye mfuko wa kanzu yake. Hilo ndilo kosa lenyewe. Kusahau kulikuwa utoto. Kuficha kulikuwa uamuzi, na yeye mwenyewe hakuwahi kuyachanganya mambo hayo mawili.

Asubuhi ya Jumanne, siku ya mwisho ya maji, mashine ilivuta kwa saa mbili na nusu kisha ikakohoa na kuzima. Mahindi ya Hureidi yalikuwa yamefika kiunoni, yakianza kutoa ndevu. Bila maji siku ile yangekaa siku nane nyingine katika jua la Agosti. Walipiga hendeli mpaka mabega yakaisha nguvu. Ndipo mmoja wao akakumbuka kwamba alfajiri alimwona Mahran, mtoto wa Mzee Tammam Ghallab, kijana wa miaka kumi na minane, amekaa karibu na tangi la dizeli.

Lamei na Fundi Dardir walipofika, Mahran alikuwa ameshikwa ukosi na watu wawili.

"Nilikuwa nanawa miguu!"

"Unanawa miguu kwenye tangi la dizeli? Kwenu mtungi umepasuka?"

"Mfereji uko hapo hapo, wewe! Ninawe wapi, mbinguni?"

"Ametia maji, huyu. Hawa Ghallab mikono yao kama ya paka, haitulii."

Upande wa pili wa tuta Mzee Tammam alikuwa anakuja na wapwa wake watano. Wanne walikuwa na marungu. Wa tano alivaa joho la sufi katika joto lile, na hakuna aliyehitaji kuuliza chini yake kuna nini.

Fundi Dardir hakutazama upande wowote. Alichota dizeli kwenye kiganja, akainusa, akaisugua. "Safi. Haina hata tone la maji."

"Basi amefanya jingine!" alisema Haji Abdel-Mawgud, mkubwa wa Hureidi. "Mashine ilikuwa nzima jana. Haiwezi kufa yenyewe."

Fundi alitoa hewa kwenye bomba, akapiga hendeli. Mashine ilizunguka kwa muda wa mtu kuhesabu ishirini, ikafa. "Inavuta hewa," alisema kwa sauti ndogo. "Lamei, boliti ya filta. Ifungue uitazame."

Lamei alipiga magoti na spana mkononi. Ulikuwa mfungo wa Bikira na tumbo lake lilikuwa tupu tangu jana, lakini alisema baadaye kwamba hakuwa akihisi tumbo, alikuwa akihisi mfuko. Aliegemea mashine na mgongo wake ulikuwa umewageukia watu wote. Hakuna aliyetazama mikono yake. Wote walikuwa wakitazama shingo ya Mahran. Angeweza kuitia ile washa mahali pake kwa kupepesa jicho. Mashine ingezunguka, maji yangepanda, kiapo cha Fundi kingebaki kimelala. Angesema tu: boliti ilikuwa imelegea, Fundi, nimeikaza.

Na boliti iliyolegea ina mtu aliyeilegeza. Kila aliyekuwepo pale alikuwa tayari na jina la mtu huyo.

"Fundi," alisema, "ni mimi."

Hakuna aliyesikia. Alipanda juu ya msingi wa mashine akarudia kwa nguvu, na sauti yake, iliyokuwa ndiyo kwanza inavunjika, ikaruka juu kama ya msichana. Mtu mmoja akacheka. "Bibi harusi ana neno!" Lamei alinyoosha kiganja. "Ni mimi! Hii ilibaki jana. Niliiona nikaificha. Mahran hajagusa kitu."

Mmoja wa Hureidi akasema, "Ghallab wamekuahidi nini, mtoto wa Kelada? Wamekutisha?"

Na hapo ndipo lilipozaliwa lile neno ambalo limetembea kijijini miaka hamsini na mitatu, kwamba mtoto wa Kikristo alibebeshwa kosa ili damu isimwagike. Fundi Dardir aliliona likizaliwa akajaribu kulikaba palepale. Alivua kilemba akakitandaza. "Hakuna atakayeamini mdomo wa mtu leo," alisema. "Tutaamini mashine. Haji, njoo mwenyewe. Ikaze boliti hii bila washa, kwa nguvu zako zote."

Haji Abdel-Mawgud alikaza mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Hewa ikatolewa, na Lamei akapiga hendeli, gumba likiwa upande wake. Mashine ilizunguka, watu wakahesabu kwa sauti, na walipofika kumi na tisa ikafa.

"Sasa, Mzee Tammam, wewe tia washa. Hii hapa. Kaza."

Mzee Tammam alitia na kukaza. Hewa ikatolewa. Lamei alipiga hendeli mara moja, mara mbili; ya tatu ikaitika. Walihesabu mpaka hamsini, mpaka mia. Wakaacha kuhesabu. Maji yalianza kumwagika kwenye mtaro, na wale wawili walioshika ukosi wa Mahran waliachia mmoja baada ya mwingine, bila kumtazama usoni.

Saa tatu za Hureidi zilikuwa zimepotea, na kwa desturi zilikuwa zimepotea kabisa. Jua lilikuwa linakaribia utosini. Mzee Tammam alimtazama mwanawe akinyoosha kanzu iliyochanika, akamgeukia Haji. "Endelea kumwagilia," alisema. "Tutaanza zamu yetu mtakapomaliza." Haji alivua viatu vyake, akaingia mtaroni, akaanza kuelekeza maji kwa jembe kama kibarua.

Fundi Dardir alikusanya spana. "Lamei. Ulichofanya sasa hivi ni cha mwanamume. Ulichofanya jana ni cha mwizi. Nami nimeapa. Usinisogelee."

Alifukuzwa. Majuma yaliyofuata alibeba matofali kwenye tanuri la njia ya Tahta, mgongo ukachubuka, hakulalamika wala hakutuma mtu kumwombea. Mama Saber ndiye aliyekwenda kwa shehe wa msikiti, amejifunika na amekasirika. Shehe alimwita Dardir na kumuuliza maneno halisi ya kiapo. "Uliapa kumfukuza. Umemfukuza? Je, ulitaja milele?" Fundi alikiri kwamba hakutaja. "Basi mpe muda wa kujuta na umpe mkeo usingizi." Asubuhi ya siku ya arobaini na moja Fundi Dardir alipita kwenye tanuri la matofali na punda wake, akasema bila kusimama, "Kuna sinia la vipande halijaoshwa." Lamei alimfuata.

Hakubakiza kipande tena. Washa ile iliendelea kufanya kazi yake mpaka mashine ilipouzwa kama chuma chakavu mwaka 1989.

Neno baya nalo liliendelea. Mwaka 1969 Mahran alipoposa kijiji cha pili, baba wa msichana alisita: alikuwa amesikia juu ya kijana aliyeua mashine ya jirani. Lamei, akiwa na miaka kumi na minane, alikwenda peke yake kwa mzee yule. "Nimekuja kukuonyesha mwenye kosa," alisema. "Yuko wapi?" "Umemkaribisha chai." Ndoa ilifungwa.

Alitumikia jeshi kuanzia 1971 hadi 1974 katika karakana ya injini. Alirudi kwa Fundi Dardir na kufanya naye kazi hadi mzee huyo alipofariki mwaka 1983, akamwachia karakana, kwa kuwa wanawe walikuwa wamehamia nchi za Ghuba. Lamei alifundisha vijana kumi na wanne, Waislamu na Wakristo, na binti yake Nermin. Aliyebakiza kipande alikirudisha na kazi ikaendelea. Aliyeficha kipande alikwenda nyumbani siku arobaini. Wazazi wengine walimwona mkali kupita kiasi. Wanafunzi wake sita wana karakana zao leo, na katika zote kuna kitambaa cheupe.

Jumapili tarehe 17 Julai 1977 alifunga ndoa na Bi. Ensaf Wahba wa Tahta. Alikuwa amesugua mikono kwa ndimu na majivu siku tatu, lakini padri aliponyanyua kidole chake kumvisha pete, ukucha ulikuwa mweusi vilevile. Bi. Ensaf alinong'ona, "Naolewa na mtu au na mashine?" Alijibu, "Mashine haitakuudhi." Walijaliwa watoto watatu na waliishi pamoja miaka arobaini na mmoja, na Bi. Ensaf anashuhudia kwamba katika miaka hiyo hakumdanganya, hata pale ambapo uongo ungempunguzia maneno.

Mwaka 2016 figo zake zilishindwa. Mara tatu kwa wiki alipelekwa Sohag kusafishwa damu, na aliyekaa naye saa zile nne, mara nyingi kuliko ndugu wa damu, alikuwa Mahran. Fundi alilala akisikiliza pampu ya mashine ya kusafishia damu. Siku moja alimwita muuguzi akamwambia beringi imeanza kulia. Muuguzi alicheka. Fundi wa mashine alipokuja kuifungua, hakucheka.

Katika siku za mwisho Mahran alipata habari ya agizo hili akaja kumzuia. "Lamei, ndugu yangu, mambo ya miaka hamsini. Nani anayakumbuka?"

"Wewe," alisema Fundi.

Kisha akamgeukia Atef, aliyekuwa bado amenuna mlangoni. "Mkinisomea mazuri peke yake, mtakuwa mmebakiza kipande na kukitia mfukoni. Nitakwenda mbele za Mungu nikivuta hewa kama mashine ile."

Alifariki nyumbani kwake saa nne asubuhi, Alhamisi tarehe 14 Machi 2019, akiwa na umri wa miaka sitini na minane na siku kumi na moja.

Ameacha mke, Bi. Ensaf, watoto Atef, Nermin na Malak, wajukuu saba, dada yake mdogo Bi. Foula, wanafunzi kumi na wanne, na Mzee Mahran Tammam Ghallab, ambaye leo ameshika mbele ya jeneza upande wa kulia, na upande wa kushoto ameshika mjukuu wa Haji Abdel-Mawgud Hureidi.

Basi na isikike, na aliyekuwa na neno jingine alizike hapa pamoja naye: Mahran hakuigusa mashine. Aliyekosea ni Lamei Kelada Bekhit, na amesema mwenyewe.

Mungu amlaze pema, apumzike. Kitambaa chake ni kitupu.